Siku ya Sindano ya Punje

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu?

KINYOZI: Ni mimi.

FUNDI: Mimi wako wengi. Kama unaulizia sare, rudi wiki ijayo, foleni imejaa.

KINYOZI: Mama Punje, ni mimi bwana. Baba yake Punje.

FUNDI: Haa! Kwa namba hii ngeni? Unamkwepa nani?

KINYOZI: Simu yangu haina salio. Hii ni ya mteja.

FUNDI: Mteja gani huyo mwenye roho nzuri hivyo?

KINYOZI: Yuko kwenye kiti. Nimemnyoa upande mmoja, umebaki mmoja. Hana pa kwenda.

FUNDI: (anacheka) Kumbe umemteka!

KINYOZI: Nimemwomba kiungwana, naye akanipa. Habari za huko?

FUNDI: Huku nina sketi kumi na nane mezani, hazina pindo hata moja. Sema haraka, mguu uko kwenye pedali.

KINYOZI: Punje hajambo?

FUNDI: Hajambo. Yuko hapa nyuma ya kabati la vitambaa, anafanya hesabu za shule. Sema.

KINYOZI: Ni ile habari ya kesho kliniki. Sista anataka jibu, kama mtoto aendelee na sindano ya kukua ya kila siku, au tumhamishie hii mpya ya mara moja kwa wiki. Nimesoma ile karatasi aliyotupa.

FUNDI: Umesoma? Wewe?

KINYOZI: Mara mbili.

FUNDI: Wewe uliyeshindwa barua ya mwalimu yenye mistari minne, umesoma karatasi ya hospitali mara mbili? Basi kuna jambo.

KINYOZI: Hakuna jambo. Mimi ni baba, nawaza. Hebu sikiliza. Kila siku ni michomo saba kwa wiki, ile nyingine ni mchomo mmoja. Kwa mwaka, mia tatu sitini na tano, kwa hamsini na mbili. Mtoto ana miaka tisa. Paja lenyewe liko wapi la kuchomwa mara mia tatu?

FUNDI: Hesabu hizo umejifunza lini? Ulipokuwa kwangu, kabla hatujaachana, ulikuwa huwezi kuhesabu hata siku za kurudi nyumbani.

KINYOZI: Umeanza.

FUNDI: Sijaanza. Nikianza utajua.

KINYOZI: Sista mwenyewe alisema zote mbili zinakuza sawa—

FUNDI: Malizia. Zinakuza sawa, mradi mtu asiruke. Umekata sentensi kama unavyokata ndevu. Ya kila siku ukiruka umepoteza siku. Ya wiki ukiruka, wiki nzima imekwenda na maji.

KINYOZI: Kwani nani anaruka?

FUNDI: Sijamtaja mtu. Nimesema ukiruka.

KINYOZI: Basi mimi naona twende na ya wiki. Kila Jumatano.

FUNDI: Jumatano.

KINYOZI: Katikati ya wiki. Inakaa vizuri.

FUNDI: Jumatano analala kwangu.

KINYOZI: Eh? Ndiyo. Imetokea tu.

FUNDI: Mimi nasema Jumamosi.

KINYOZI: Jumamosi nina wateja mpaka mlangoni, Mama Punje. Watu wananyoa kwa ajili ya—

FUNDI: Sindano ni sekunde kumi. Mteja mmoja kupiga chafya ni zaidi ya hapo.

KINYOZI: Basi Jumatatu.

FUNDI: Yangu.

KINYOZI: Alhamisi?

FUNDI: Yangu pia. Baba Punje, wiki ina siku saba, na wewe unachuma zangu tu kama mtu anayechagua nyanya. Una nini na siku zako?

KINYOZI: (mkwaruzo) —sikusikii vizuri, laini inakwaruza—

FUNDI: Inakwaruza ukiulizwa tu! Toka nje ya kibanda, simama barabarani, utanisikia.

KINYOZI: Nimetoka. Sema.

FUNDI: Kalamu yako ya dawa, ile ya kumchomea, iko wapi?

KINYOZI: Kwenye friji. Pale kati ya soda za wateja.

FUNDI: Imebaki dozi ngapi?

KINYOZI: Ipo ipo. Ipo ya kutosha.

FUNDI: Ya kutosha. Ngoja. Subiri hapohapo, usikate. Punje! Mwanangu, nenda pale dukani uniletee uzi wa bluu. Ile bluu ya sare, siyo ya bahari. Ndiyo, acha daftari hapo hapo. Angalia njia! Haya. Ameondoka. Sasa tuongee wakubwa. Kalamu hiyo nilikupa lini?

KINYOZI: Shule zilipofunguliwa.

FUNDI: Wikiendi tisa zilizopita. Kalamu moja ina dozi kumi. Mtoto analala kwako Ijumaa na Jumamosi, Jumapili jioni unamrudisha. Mbili kwa wikiendi, kwa wikiendi tisa. Mimi ni fundi, Baba Punje, nakata kitambaa cha watu kwa hesabu. Huwezi kukata nguo kumi na nane kwenye kitambaa cha kumi, halafu useme kitambaa kipo ipo.

KINYOZI: Labda nilikuwa natia kidogo kidogo—

FUNDI: Umemchoma mara ngapi?

KINYOZI: Mama Punje—

FUNDI: Mara ngapi?

KINYOZI: Moja.

FUNDI: Moja kwa wiki?

KINYOZI: Moja. Jumla.

FUNDI: (mlio wa cherehani unakatika)

KINYOZI: Haloo? Upo?

FUNDI: Nipo. Nimekasirika. Nakwambia wazi ili usiseme hukujua. Nimekasirika, na mbele yangu kuna mkasi, bahati yako uko mbali.

KINYOZI: Ngoja nieleze kwanza—

FUNDI: Eleza! Eleza, nakusikiliza. Watu mia wanakupa koo zao kila wiki, unapita na wembe huku unazungumza mpira. Kijisindano kisichozidi unywele kimekushinda nini?

KINYOZI: Koo za watu si za mwanangu. Ile Ijumaa ya kwanza nilitayarisha kila kitu. Nikanawa mikono, nikapaka dawa, nikabana ngozi kama sista alivyotufundisha. Nikabonyeza. Kisha nikaona kitone cha damu. Kadogo tu.

FUNDI: Ikawaje?

KINYOZI: Nikakaa chini.

FUNDI: Ukakaa.

KINYOZI: Sikukaa hasa.

FUNDI: Ulizimia!

KINYOZI: Nililala kidogo.

FUNDI: (anacheka, anakohoa, anacheka tena) Mungu wangu! Dume zima, mabega kama mlango!

KINYOZI: Cheka tu.

FUNDI: Nacheka, na sijamaliza! Na mtoto?

KINYOZI: Aliniwekea mto chini ya kichwa. Nilipofungua macho alikuwa ananipepea na daftari. Akaniambia, Baba, usimwambie Mama, na mimi sitamwambia. Wiki iliyofuata nilishika tena kalamu, nikaanza kutokwa jasho. Akaniangalia, akasema, Baba, leo tupumzike. Ndiyo ikawa hivyo. Tunapumzika.

FUNDI: Mnapumzika. Mtoto wa miaka tisa anakupa likizo, nawe unaipokea.

KINYOZI: Ndiyo maana nataka ya wiki! Iwe kwako. Wewe una mkono. Mimi nimeshindwa, nimekubali. Basi.

FUNDI: Ungeniambia hivyo wiki tisa zilizopita, ningekutukana siku moja tukamaliza. Sasa sikiliza nikwambie ulichofanya. Jana nilimpima.

KINYOZI: Ulimpima kwa sista?

FUNDI: Kwa utepe wangu. Nimepima nusu ya watoto wa shule ile, mkono wangu haukosei. Sketi niliyomshonea muhula uliopita niliiachia pindo la vidole vinne, nikijua nitaishusha. Iko palepale. Mtoto ameongezeka nusu sentimita. Nusu! Na kwenye mkoba wake kuna kadi ya kliniki, kila siku kisanduku, kila kisanduku tiki. Imejaa kuanzia juu mpaka chini.

KINYOZI: Si ndiyo vizuri, ikijaa?

FUNDI: Vizuri nini? Hukumsikiliza sista? Kadi ikijaa tiki na mtoto hakui, daktari haulizi mara mbili. Anaandika dawa haimfai huyu. Anafunga faili. Dawa inakwenda kwa mtoto mwingine, wako wengi wanasubiri kwenye lile benchi. Na mifupa yake haitamngoja, siku ikiacha kukua, imeacha. Atabaki vile vile, darasa la tatu mwili wa chekechea, watu wakimwinamia mpaka anazeeka. Kwa sababu ya baba yake na tiki zake za uongo!

KINYOZI: Ngoja, ngoja. Tiki gani zangu?

FUNDI: Za Ijumaa na Jumamosi.

KINYOZI: Mimi niliweka moja. Ile siku niliyolala.

FUNDI: Usinichezee.

KINYOZI: Naapa. Kadi ile sijaigusa tena, niliona aibu. Nyingine zote si ulijaza wewe?

FUNDI: Mimi! Nikujazie wewe?

KINYOZI: Nilidhani unanifichia. Nilimfungulia mkoba siku moja nikaona visanduku vyangu vimejaa. Nikasema, kumbe Mama Punje ameshajua, na amenisitiri. Nikasema, bado ana kamoyo. Ndiyo sababu nilikutumia ule ujumbe.

FUNDI: Ujumbe gani? Ule wa "asante kwa yote, sitasahau"?

KINYOZI: Huo.

FUNDI: Nilidhani umelewa! Nilimsomea mwenzangu wa hapa tukacheka mpaka sindano ya cherehani ikakatika.

KINYOZI: Ulimsomea mtu?

FUNDI: Wawili.

KINYOZI: Haya. Ahsante. Kwa hiyo si wewe.

FUNDI: Nikusitiri wewe? Ningeona kisanduku kitupu ningekuja nacho hadi kwenye kiti chako cha kunyolea, mbele ya wateja—

KINYOZI: Mama Punje? Laini imekata?

FUNDI: Haijakata.

KINYOZI: Nini?

FUNDI: Hata zangu.

KINYOZI: Zako nini?

FUNDI: Zimejaa hata zangu. Zile ambazo sikumchoma.

KINYOZI: Ambazo— Rudia hapo! Simama hapohapo urudie!

FUNDI: Umenisikia.

KINYOZI: Ngapi?

FUNDI: Msimu huu wa sare, Baba Punje. Narudi mgongo umekatika—

KINYOZI: Ngapi, fundi? Wewe si unakata kwa hesabu?

FUNDI: Kumi na moja.

KINYOZI: Kumi na moja! Na ulivyonipiga vita hapa! Mabega kama mlango! Umenivua nguo barabarani, watu wanapita, kumbe na wewe una kumi na moja chini ya meza!

FUNDI: Piga kelele, piga. Nimestahili.

KINYOZI: Tena mimi angalau nilizimia! Wewe ulifanya nini?

FUNDI: Kuna siku nilipitiwa na usingizi na viatu mguuni. Hizo ni nne. Nyingine… nyingine niliacha kwa makusudi.

KINYOZI: Kwa makusudi?

FUNDI: Ikifika Ijumaa mtoto anaamka anaimba. Anavaa haraka, analiita jina lako barabara nzima. Jumapili akirudi, nikifungua friji tu, uso unabadilika. Mimi ni mama wa sindano. Nikajiuliza, huyu mwanamume anamfanyia nini mtoto mpaka anampenda hivi? Kumbe humchomi! Nilitaka na mimi jioni moja. Nimsuke nywele, ajiegemeze kwangu, basi. Ikawa moja, ikawa saba. Niliona wivu, ndiyo. Nimesema.

KINYOZI: Hukuniambia.

FUNDI: Ningekwambiaje? Ungenicheka.

KINYOZI: Ningekucheka, kweli.

FUNDI: Na asubuhi nikifungua kadi, tiki ipo. Nikajiambia, labda nilimchoma nikasahau, uchovu huu. Mara kumi na moja nilijiambia hivyo. Ilinifaa kuamini.

KINYOZI: Sasa kama si wewe, na si mimi…

FUNDI: Zimeandikwa kwa penseli.

KINYOZI: Rangi gani?

FUNDI: Nyekundu.

KINYOZI: Ile yake ya kuchorea.

FUNDI: Ile ile.

KINYOZI: Kwa nini lakini? Sisi hatukumwambia.

FUNDI: Unakumbuka kisanduku kile kimoja? Muhula uliopita, wikiendi ukimpeleka kwa sista kuchomwa. Kilikuwa kitupu, Jumamosi moja.

KINYOZI: Ulikuja nje na mkasi.

FUNDI: Na wewe ulisimama mlangoni unaniita jina ambalo sitalirudia. Majirani walitoka na vikombe vyao, wakakaa kututazama. Kwa kisanduku kimoja, saa nzima. Yeye alikuwa wapi?

KINYOZI: Alikuwa amesimama katikati. Na mkoba mgongoni.

FUNDI: Basi tangu siku hiyo hakijaonekana kisanduku kitupu.

KINYOZI: Najisikia vibaya, Mama Punje.

FUNDI: Usizimie tu, uko barabarani.

KINYOZI: Subiri, mteja ananiita… Nakuja, mzee wangu! Dakika mbili! Ndiyo, najua upande mmoja ni mwepesi! Anasema salio lake linaisha. Tufanyeje kesho?

FUNDI: Tunasema ukweli. Daktari atutukane mpaka achoke, mradi faili libaki wazi. Zako kumi na saba, zangu kumi na moja. Si dawa iliyoshindwa, ni sisi. Hiyo ndiyo njia pekee ya mtoto kubaki na dawa.

KINYOZI: Na tiki? Akiuliza nani alijaza?

FUNDI: Mimi nimejaza.

KINYOZI: Zote?

FUNDI: Zangu na zako.

KINYOZI: Na penseli nyekundu? Fundi mzima?

FUNDI: Niliokota iliyokuwa karibu. Jina lake lisitajwe mle ndani.

KINYOZI: Hapana. Za kwangu nitasema ni mimi.

FUNDI: Mwandiko ni mmoja, sista ana macho. Aliyejaza atakuwa mmoja.

KINYOZI: Basi awe mimi. Nina nyingi kukuzidi.

FUNDI: Hata kwenye aibu unataka kunipita! Haya, chukua. Nakupa. Na sindano iwe ya wiki, nimekubali, daktari akiruhusu. Lakini siyo Jumatano yako hiyo.

KINYOZI: Siku gani?

FUNDI: Jumapili jioni, unapomrudisha. Usimshushe mlangoni na kukimbia. Unaingia ndani. Mimi nachoma, wewe unamshika mkono, sote wawili tuko chumba kimoja na hakuna anayepumzika.

KINYOZI: Nitaingia ndani?

FUNDI: Kwa sindano. Usinitumie ujumbe mwingine.

KINYOZI: Nikiangalia pembeni inaruhusiwa?

FUNDI: Angalia dari ukitaka, mkono wake usiuachie.

KINYOZI: Sawa. Kesho saa mbili. Nitawahi.

FUNDI: Saa mbili, siyo saa mbili yako. Huyo anarudi, namwona anavuka. Ameleta bluu ya bahari, bila shaka. Umeleta? Hebu… Aa, ndiyo hii, asante. Ni baba yako. Njoo umwamkie, haraka, salio la watu.

PUNJE: Shikamoo, Baba.

KINYOZI: Marahaba, mwanangu. Hujambo?

PUNJE: Sijambo. Mnagombana?

KINYOZI: Hatugombani. Tunapanga mambo ya kesho. Kesho nakuja kliniki.

PUNJE: Wewe na Mama? Wote?

KINYOZI: Wote.

PUNJE: Ndani kwa daktari?

KINYOZI: Ndani kabisa. Tutakaa pamoja, tutaongea na daktari.

PUNJE: Baba.

KINYOZI: Naam.

PUNJE: Nyinyi mkae tu. Msiseme kitu. Nitaongea mimi, najua la kumwambia.

KINYOZI: Hapana, Punje, sikiliza, mwanangu, kesho wewe huna haja ya—

(mlio mara tatu)

PUNJE: Baba? Mama, imekata.